Masikio ya Propela

Bedford ya Kalunde ilizaliwa fupi.
Mimi ndiye niliyeirefusha: futi nne na nusu za chesisi,
injini ya Isuzu, difu ya lori lililofia Urambo,
na majani matatu ya ziada kwenye springi za nyuma
kwa sababu barabara ya Ipole haimheshimu mtu.

Ikienda arobaini, kimya, kama mkwe.
Hamsini, inaanza:
sakafu, kiti, meno ya Nkwabi kwenye usukani,
kama mtu anayezuia kicheko msibani.
Sitini, vifuniko vya ndoo za asali vinajifungua
na nyuki wa msitu mzima wanaifuata mpaka Sikonge
wakidai mali yao.

Fundi wa Cheyo alibadilisha tairi.
Fundi wa Ng'ambo alisema injini, akala laki mbili.
Wa tatu aliinama, akachungulia, akasema
gari hili lina mwenyewe, tafuteni mganga.

Mwangaluka, akasema Kalunde mlangoni kwangu.
Hakusubiri kuitikiwa.

Nikapanda kushoto kwa Nkwabi, gilasi ya maji mapajani.
Kabla ya Tutuo, palipo tambarare, nikamwambia:
kanyaga klachi, weka nyutro, iache ijiendee.
Injini ikashusha pumzi.
Maji hayakushusha. Yaliendelea kukunja uso
pete ndani ya pete.

Basi si injini.
Wala si tairi: tairi hutikisa bega,
hii ilikuwa ikiwasha nyayo.
Kilichokuwa kinalia kinazunguka upesi kuliko gurudumu,
kinakaa nyuma ya giaboksi, mbele ya difu,
na jina lake nalijua.

Nikalala chali juu ya gunia la tumbaku.
Krosi: hazina mchezo. Grisi: mbichi.
Beringi ya kati: nzima. Vibati vya mizani: vyote vipo.
Nikachukua chaki.

Propela ina masikio mbele na masikio nyuma.
Krosi ikipinda haizungushi sawasawa,
inawahi, inachelewa, inawahi, inachelewa,
na ya nyuma kazi yake ni kufuta kosa la mwenzake.
Lakini masikio yawe yamelala mstari mmoja.
Yasipolingana, hakuna anayefuta.
Wanajumlisha.

Chaki ilitoka katikati ya sikio la mbele,
ikatembea juu ya bomba,
ikafika nyuma ikalikosa sikio.
Meno manne kando.

Nani aliyeirudisha hivi? Kalunde alikuwa amechuchumaa,
naona ndala zake na ncha ya kanga.

Ningeweza kusema: yule wa Ng'ambo.
Jina lake lilishakaa ulimini.
Ila kwenye bomba, chini ya tope, kulikuwa na alama ya patasi,
nukta mbili za kuoanishwa, niliyoipiga mwaka juzi
ili nisikosee.
Na Februari, usiku, mvua, tochi ya simu mdomoni,
mwanangu ana homa nyumbani,
nilirudisha propela kwa kupapasa.

Mimi, nikasema kutoka chini ya gari.

Ndala hazikusogea.
Mahali fulani jirani mtu alikuwa anatwanga.

Ilichukua saa moja na nusu kurekebisha
kilichoharibika kwa dakika moja.
Hamsini, maji yametulia. Sitini, yametulia.
Sabini, pete moja nyembamba katikati ya gilasi.
Hiyo ni springi nilizoinua, nikaeleza,
pua ya difu inatazama juu mno,
inataka kabari ya chuma, digrii tatu, nitaichonga Jumamosi.

Sabini? akasema Kalunde. Na asali?
Nkwabi akacheka, akatazama dirishani.

Hela hakuitoa, nami sikuitaja.
Aliteremsha kidumu kimoja, akakaza kifuniko
mara mbili, huku ananitazama,
akaondoka.

Nimeinunulia gereji taa.
Na Jumamosi imepita, ya pili sasa inakuja;
kabari ipo benchi, imeshachongwa,
inamsubiri mtu ambaye sijui kama atarudi.